Busia: Baiskeli na trela katika njia moja

UKIABIRI basi mjini Kisumu kuelekea Busia, utapita Maseno, pale penye kibao cha ikweta, kisha Luanda, Yala, Ugunja na Bumala. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Keti karibu na dirisha. Kabla hujafika mpakani utakuwa umeona baiskeli za kila kazi: ya mwanafunzi, ya mama aendaye sokoni, na ile iliyofungwa magunia ya mkaa hata mwenyewe haonekani kwa nyuma.

Eneo hili na baiskeli ni kama chanda na pete. Ni Busia ambako, katika miaka ya sitini, jina bodaboda lilianza kuvuma. Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na mwendo ambao abiria alilazimika kuutembea na mizigo yake. Vijana wakafunga mto juu ya keria, wakawa wanaita wateja: "Boda! Boda!" yaani mpaka hadi mpaka. Baadaye pikipiki zilikuja zikachukua jina hilo pamoja na abiria wengi. Hata hivyo, Black Mamba zingalipo, hasa kwa mizigo.

Taabu ni kwamba barabara hii ni njia pia ya matrela yatokayo Mombasa kwenda Uganda na kwingineko. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi mwaka wa 2018 kilikusudiwa kuharakisha mizigo hiyo. Mwenye baiskeli naye bado anategemea ule ukingo wa lami.

Ukingo huo ndio wa kutazamwa. Mahali ulipomegeka, lami huwa juu na udongo chini kama ngazi. Mwendeshaji anayekwepa shimo hurudi ghafla barabarani, na kwa kuwa hana kioo, haoni kinachomjia kutoka nyuma. Dereva wa trela naye akimpita kwa karibu, kichwa cha gari kinaweza kupita salama lakini mkia ukamgonga. Hatari nyingine hutokea gari kubwa linapokata kona kushoto. Aliye ubavuni, chini ya dirisha, huenda dereva asimwone kabisa.

Chuma cha gari humlinda aliye ndani. Wa baiskeli hana chochote ila mifupa yake. Mguu huvunjika, na kichwa kikigonga lami bila kofia ngumu, maisha huwa hatarini. Abiria aketiye upande kwenye keria hana hata usukani wa kushika. Mara nyingi aliyeumia ndiye aliyekuwa akilisha nyumba, na mguu uliovunjika humaanisha karo isiyolipwa.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini hebu tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Likienda 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mijini, hula mita 14. Dereva akichukua sekunde moja tu kushtuka kabla ya kukanyaga breki, tayari amepoteza mita nane ambazo zingeokoa mtu. Hiyo si bahati mbaya, ni mguu wake.

Kinga nyingine si ghali. Taa ya nyuma, au kitu chekundu king'aacho kinapomulikwa, humwonyesha mwendeshaji mapema gizani. Kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa. Mzigo usipite upana wa usukani. Nao wajenzi wa barabara wakitenga njia ya baiskeli na kuweka ukuta mfupi kati yake na magari, trela na Black Mamba hazitagombania lami.

Kila Desemba familia nyingi za Nairobi hufunga safari kwenda Magharibi, gari limejaa watoto na zawadi, na baba ana haraka ya kufika kabla ya giza. Ukifika baada ya Maseno, punguza mwendo. Ukitaka kumpita wa baiskeli, mwachie nafasi ya mita moja na nusu, na kama kuna gari linalokuja mbele, subiri. Huyo anayekanyaga pedeli mbele yako huenda ni mjomba anayekwenda kuwanunulia unga wa ugali wa jioni.