Msunguti na Ndugu Yake Mwenye Miiba

Karani mmoja wa Londiani alirudi nyumbani Jumamosi alasiri, akamkuta mwanawe wa miaka sita ameketi kizingitini, midomo yake imekuwa ya zambarau. Mtoto alikuwa amekwenda msituni pamoja na wachungaji, akala matunda madogo meusi. Karani aliingiwa na hofu kuu, maana alipokuwa shuleni alisoma habari za msunguti, mti ambao wawindaji wa zamani walichemsha magome na vijiti vyake hata ikapatikana sumu nyeusi kama lami, wakaipaka mishale.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1888 mtaalamu Mfaransa, Arnaud, aliitenga sumu ya mti huo, nayo ikaitwa wabaini, jina lenye asili ya Kisomali. Huvuruga mapigo ya moyo hata moyo ukasimama. Walakini madaktari wa Ulaya waliitumia kwa vipimo vidogo sana kuwatibu wenye maradhi ya moyo. Tena yuko panya mmoja wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yenye sumu, na mbwa amwumaye huweza kufa. Wataalamu walilieleza jambo hilo mwaka 2011.

Mama yake karani hakupiga kelele. Aliuliza, "Mjukuu wangu, mti huo ulikuchoma?" Mtoto akanyosha mikono iliyojaa mikwaruzo. Mama akasema, "Tulia, mwanangu. Hiyo ni legetetuet." Ndio mti uitwao mtandamboo kwa Kiswahili.

Miti hiyo miwili ni ya jamaa moja. Yote hutoa maziwa ikikatwa. Yote ina majani mawili mawili, maua meupe yenye wekundu na harufu nzuri, na matunda ya zambarau. Lakini mtandamboo una miiba mikali, na msunguti hauna hata mmoja.

Jioni ile karani alimwomba mama yake amwonyeshe miti yote miwili, naye akamfundisha mwanawe. Yafaa kila mzazi afanye vivyo hivyo. Mtoto asile tunda asilolijua, wala mchungaji asikate kijiti cha msunguti kuchomea nyama. Na aliyekwisha kula tunda lenye shaka apelekwe hospitali mara moja, pasipo kungoja dalili.