Mjomba Alikuwa Akipunga Mikono

Droni ilisimama juu ya maji, mita chache kabla ya miembe, na rimoti ikaanza kulia mikononi mwangu. Nikasukuma kijiti mbele. Haikusogea.

"Mbona imekwama?" mama aliuliza.

"Haijakwama, mama. Imeona miti."

"Kwani wewe hukuiona?"

Ilikuwa Novemba 2023, mvua za El Niño. Barabara ya kwenda Lamu ilikuwa imekatika pale Lango la Simba, na huku kwetu Golbanti Mto Tana ulikuwa umetoka kitandani mwake ukaingia mashambani. Wasomaji wa historia wanaijua Golbanti kwa sababu John Houghton, mmisheni wa Kimethodisti, na mkewe waliuawa hapa mwaka wa 1886, Wamaasai walipovamia. Sisi wengine tunaijua kwa maembe na mpunga, na kwa maji.

Mjomba, ndugu yake mama wa tumbo moja, alikuwa amekataa kuhama shambani. Alisema maji ya 1997 hayakufika kwenye kile kiinuko chake, kwa hivyo haya ya sasa ni ya kuja na kuondoka. Siku ya pili simu yake ikawa haipatikani. Mzee mmoja mwenye mtumbwi alikubali kwenda kumchukua, ila alitaka kwanza aambiwe anakwenda wapi hasa. Maji yakitanda namna ile, viboko na mamba hawabaki mtoni, na mzee hakuwa tayari kuzunguka mashamba ya watu akiita jina.

Ndipo mama akanigeukia. "Si unayo ile ndege ya harusi?"

Ninayo, au niseme nilikuwa nayo. Niliinunua kwa mkopo wa chama ili nipige video za harusi Garsen na Malindi. Kanuni za droni za mwaka 2020 hapa Kenya haziruhusu kupanda zaidi ya futi 400 bila kibali maalumu, lakini siku hiyo kimo hakikuwa shida yangu. Shida yangu ilikuwa kushuka. Kutoka juu niliona vichwa vya miembe tu, kijani kitupu, na maji ya kahawia kati yake. Kama mjomba alikuwa hai, alikuwa chini ya majani yale.

Droni ya aina yangu ina macho mbele, nyuma na chini. Ubavuni haina. Kila upande kuna lenzi mbili zilizokaa bega kwa bega. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, ufunge jicho moja, kisha jingine: kidole kinaruka, ukuta wa mbali unabaki palepale. Mashine inapima umbali kwa mruko huo huo. Shina la mwembe inaliona vizuri. Maji matulivu yanaitatiza, kwa kuwa hayana alama ya kushika, na yakitembea inaweza kudhani ni ardhi inayotembea. Nyaya na vijiti vyembamba, hata kitabu cha maelekezo kinakuonya usivitegemee kuonekana.

Kwenye programu kuna chaguo tatu. Unaweza kuiambia isimame mbele ya kizuizi, au ikwepe, au uzime ulinzi wote. Niliiweka ikwepe. Ikapanda juu ya miembe, ikanionyesha tena majani. Nikairudisha, nikajaribu mara ya pili. Ikateleza kando, upande usio na macho, hadi moyo ukanilipuka. Betri ilikuwa asilimia 46.

"Inaogopa nini?" mzee wa mtumbwi aliuliza. Hakuwa akinikejeli. Alitaka kujua kweli.

"Inaogopa kugonga."

"Basi iambie isiogope."

Nilifikiria lile deni. Sitasema uongo, nililifikiria kabla ya kumfikiria mjomba, huku dada yake amesimama nyuma yangu anapumua kwa nguvu. Kisha nikazima.

Ikaingia kati ya mashina taratibu, mimi nikishika vijiti kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Giza kidogo, kisha uwazi wa shamba la mpunga lililofunikwa, na pembeni mkoma wenye panda mbili. Chini ya mkoma palikuwa na dungu, lile la kulindia ndege waharibifu, na juu ya dungu alikaa mtu mwenye shuka.

Mama alipiga kelele jina lake kama vile droni ina masikio.

Mjomba akasimama. Akainua mikono miwili akaanza kupunga. Nikacheka kwa furaha, nikaisogeza karibu nimwone uso. Akazidi kupunga, kwa nguvu zaidi. Nikasogea tena. Picha ikapinduka, nikaona mbingu, majani, maji, kisha kioo kikawa cheusi.

"Hapo napajua," alisema mzee, akiwa ameshaokota kafi yake. "Ni kwa ule mkoma wa panda."

Walirudi jua likikaribia kuzama. Mjomba alishuka na kuku wawili, redio, na bunda la kamba ya nailoni yenye makopo, ile ambayo watu hutanda juu ya mpunga ili wakiivuta makopo yalie na ndege waruke. Alinitupia miguuni.

"Nimekwambia simama, simama, nawe unakuja tu. Hukuniona?"

"Nilikuona, mjomba. Nilidhani unanisalimia."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Mtu amezungukwa na maji siku tatu, akusalimie?"

Usiku ule niliitazama ile video hafifu iliyobaki kwenye simu. Viganja vyake vilikuwa vimenielekea, vinasukuma hewa, kama unavyomzuia ng'ombe asiingie shambani. Kamba haionekani hata ukikuza picha. Makopo yanaonekana. Manne, yamepangana, yananing'inia hewani bila kushikwa na kitu.

Nimejiuliza kama macho ya mashine yangeyaona makopo hayo ningeyaacha wazi. Huenda. Lakini ningeyaacha wazi, isingepita mashina, na mzee angebaki kizimbani na kafi yake. Mama hapendi nikianza hesabu hiyo. Husema ndugu yake amekaa pale anakula, nataka nini tena?

Nilichukua nyingine ya mtumba mwaka uliofuata, nikiwa bado nalipia ile ya kwanza. Nikialikwa harusi, humtafuta kwanza mwenye boma, mara nyingi ni mzee au mama wa jikoni, nikamwomba anizungushe uani anionyeshe kamba za nguo, waya wa stima wa kuunganisha, nailoni ya turubai. Wengine hushangaa. "Si nasikia hiyo hujiendesha yenyewe?"

Ulinzi huuacha umewashwa. Mjomba naye akija kwenye harusi, na huja zote, humwomba akae mahali ninapomwona.