Bosi wa Magereza Aliyelala Selo kwa Hiari Yake

Kuna vyeo ambavyo mtu akipewa, ndugu zake wanamuuliza kama ana akili timamu. Kuongoza magereza ya jimbo la Colorado, Marekani, mwaka 2013 kilikuwa cheo cha aina hiyo. Aliyekuwa anakikalia alisikia kengele ya mlango nyumbani kwake usiku wa Machi 19, akaenda kufungua, akapigwa risasi na kufa.

Muuaji alikuwa kijana aliyetoka jela Januari ya mwaka huohuo. Sehemu kubwa ya kifungo chake alikaa kwenye selo ya peke yake, mle ambamo mtu anafungiwa saa 23 kwa siku. Muda wake ulipoisha hakupitishwa popote kuzoeshwa watu. Leo selo, kesho mtaani. Ikaja kugundulika kwamba hata kutoka kwenyewe kulikuwa kosa la makaratasi, alitakiwa abaki ndani miaka kama minne zaidi. Siku mbili baada ya mauaji naye akauawa Texas, akirushiana risasi na polisi.

Kinachouma ni kwamba marehemu ndiye alikuwa anapambana kupunguza watu kwenye selo hizohizo.

Sasa akaja mrithi. Wengi wangetegemea akaze nati, nani angemlaumu? Yeye Januari 2014 akavaa nguo za mfungwa, akafungwa pingu na kuingizwa selo ya futi 7 kwa 13 hivi. Akakaa saa 20. Watu wanapiga kelele, milango inagongwa, usingizi hauji. Jamaa akajikuta anahesabu vitundu vya ukutani. Saa 20 tu hizo, na alijua kesho anarudi kwake! Alipotoka akayaandika yote kwenye gazeti la New York Times.

Humo alitaja namba zinazotisha. Mwaka 2012 watu 140 walitoka selo za peke yao moja kwa moja hadi uraiani. Mwaka 2013 walikuwa 70. Akakumbusha pia kwamba asilimia 97 ya wafungwa siku moja hurudi mtaani. Yaani huyo unayetaka afungiwe mpaka achanganyikiwe, kesho ni jirani yako, mko naye foleni moja dukani.

Ila askari magereza naye ana hoja yake. Mfungwa akimchoma mwenzake kisu usiku, awekwe wapi? Bosi hakufuta selo hizo, alizipa kikomo. Kufika 2017 Colorado ilikuwa imeweka siku 15 kuwa mwisho, sawasawa na kanuni za Umoja wa Mataifa za 2015 zilizopewa jina la Mandela, mzee aliyekaa kifungoni miaka 27. Vikawekwa na vyumba vya kutuliza hasira, mfungwa akiona anapandwa na jazba anaomba mwenyewe kuingia.

Gereza linasifiwa kwa kuta ndefu na kufuli kubwa, na mwanasiasa akiahidi kukaza zaidi anapigiwa makofi. Lakini kipimo chake kiko siku ya kutoka. Mtu anarudi akiwa na hali gani, na mlango atakaougonga kwanza ni wa nani?