Ngosi Bila Mzigo Kichwani

Sisi tuliokulia Makandana, pale Tukuyu, mlima hatukuuhesabu kuwa starehe. Mlimani tulifuata kuni na majani ya ng'ombe, tukarudi na tope hadi magotini, maana mvua ya Tukuyu haina likizo. Nilipohamia Birmingham nililipenda jiji bila aibu: lami, taa, basi la usiku. Wazungu wa kazini wakinialika matembezi ya milimani Jumamosi, nilikuwa nawaona watu waliokosa shida.

Safari hii nyumbani walinibana. Vijana wa ukoo wana kikundi chenye mchango, mweka hazina na fulana za sare, na zamu ilikuwa ya Ngosi, ziwa la kreta kwenye milima ya Uporoto. "Shangazi, utabaki na bibi kumenya ndizi?" akauliza mtoto wa kaka. Nikaenda.

Kile kipande cha mwisho cha kupanda si matembezi. Unashika mzizi, unajivuta, unateleza, unashika mwingine. Viatu vyangu vya Uingereza, bei yake mbuzi mzima, vilinirudisha nyuma. Binti aliyenitangulia alikuwa na yeboyebo, tena akipiga soga. Ukingoni, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, msitu unashuka wima mpaka kwenye maji ya kijani. Watu wakapiga picha, wakafungua mbalaga, ndizi zetu za kupikwa.

Nikawakumbuka vibarua wa Manchester waliopanda Kinder Scout Aprili 1932, mlima uliofungwa na mabwana wenye ardhi. Watano walitiwa jela. Wale walishinda kiwandani wiki nzima, ndiyo maana waliutamani mlima. Na wenzangu wa Ngosi ni nani? Muuguzi, mwalimu, karani, fundi simu: watu wa mshahara na wikiendi. Mama zao walipanda na mzigo kichwani. Wao wamepanda na spika. Hayo kwangu ni maendeleo, ingawa ile spika ningeizima.

Bado mimi ni mtu wa jiji. Lakini Uingereza kila mtu hutembea na ramani yake. Huku aliyechoka husubiriwa, tena huchekwa.

Mnaorudi likizo, nendeni Ngosi kiangazi, njia ikiwa imekauka kidogo. Mchukueni kijana wa kijijini awaongoze na mumlipe bila kumkata bei. Chupa zenu shukeni nazo. Pale ukingoni zimeshakuwa nyingi.