Dereva Aliye Karibu

Wengi wetu hapa Kampala tunapoita bodaboda kwa simu hudhani kwamba mtambo hutuletea dereva aliye karibu kuliko wote. Mimi niliyesomea ualimu nikapenda hesabu, dhana hiyo siwezi kuiacha ipite bila kuipima.

Chukua kalamu, ndugu msomaji. Mwanafunzi na mzee wanangoja. Dereva wa kwanza yu dakika 2 kutoka kwa mwanafunzi na 3 kutoka kwa mzee. Wa pili yu dakika 4 kutoka kwa mwanafunzi na 10 kutoka kwa mzee. Mwanafunzi akipewa aliye karibu naye, jumla ya kungoja ni dakika 12. Wabadilishe, na jumla ni 7. Mwanafunzi amepoteza dakika 2, mzee ameokoa 7! Ndiyo sababu baadhi ya mitambo hukusanya maombi kwa sekunde chache kabla ya kuyagawa. Njia ya kukokotoa ugawaji wa namna hii aliichapisha Mmarekani Harold Kuhn mwaka 1955, akaiita ya Kihungari kwa heshima ya König na Egerváry, wanahesabu wa Hungaria.

Lakini mitambo ya leo husoma pia kumbukumbu za safari zilizopita, ikakisia ni wapi watu wataita jioni. Mwaka 2017 wataalamu, baadhi yao wa chuo cha MIT, walitumia kumbukumbu za teksi za New York wakaonyesha kwamba magari 3,000 ya abiria wanne wanne yangeweza kutimiza asilimia 98 ya safari zilizofanywa na teksi zaidi ya 13,000. (Madereva wanaobaki watakula nini, hilo lataka makala yake.) Hesabu hiyo ni safi, ila ilipima waliopanda. Waliokosa hawakuwamo.

Hapo ndipo ninapopata mashaka. Mama mkwe wangu akaa bondeni, pembezoni mwa mji, ambako njia hugeuka tope. Aliita mara kadhaa, akachoka kungoja, akaacha. Katika orodha ya safari hayumo. Na mtaa usio na safari huonekana hauna wahitaji, madereva wasielekezwe huko, na watu wazidi kuacha kuita. Alhamisi, siku yake ya kliniki, hutembea hadi barabara ya lami. Ikinyesha, mwenyekiti wa steji humtuma kijana mmoja bondeni bila kuitwa, maana siku ya mama huyo anaikumbuka.