Tulivyojifunza kuchora katuni nyumbani kwetu

Mwezi huu tumeona tuwaeleze habari ya katuni. Msicheke kwanza. Hata sisi tulidhani ni mchezo wa watoto tu, mpaka mchoro mmoja ulipotukosanisha na jirani.

Ilianza wakati wa mvua. Watoto walishinda ndani, kelele juu ya kelele, turubai linavuja, kuni mbichi zinatoa moshi. Binti yetu mkubwa, ambaye alifundishwa kidogo kuchora shuleni, akaokota kipande cha mkaa jikoni akachora uso kwenye katoni. Wadogo zake wakanyamaza. Sisi wazazi nasi tukasogea. Tangu jioni hiyo tukawa wanafunzi wa mtoto wetu.

Somo la kwanza ni duara. Chora duara bila kukandamiza mkono. Pitisha mstari mmoja wa kushuka katikati, na mwingine wa kulala. Macho yanakaa kwenye mstari wa kulala, yaani katikati ya kichwa. Sisi sote tulikuwa tunayapandisha karibu na nywele, mtu anakosa paji la uso! Hebu mpime mwenzako kwa vidole: toka utosini hadi machoni, na toka machoni hadi kidevuni, ni karibu sawa. Pua na mdomo vinafuata mstari wa kushuka. Ukimaliza, unaifuta ile mistari.

Somo la pili ni nyusi na mdomo. Hapo tulishangaa kweli. Duara ni lile lile, macho ni yale yale, lakini ukizishusha nyusi kuelekea puani, mtu amekasirika. Ukiziinua upande wa puani, ana huzuni. Ukizipandisha juu kabisa na mdomo ukawa mviringo, ameshtuka, kama mtu aliyesikia mgao umepunguzwa. Tulichora nyuso tisa kwenye karatasi moja, kila mmoja akataja nani nyumbani hufanya sura ile. Mama alijiona kwenye tatu.

Somo la tatu ni mwili. Anza na vijiti: mgongo, mikono, miguu. Kijiti cha mgongo kikilala mbele, mtu anakimbia. Kikipinda, amechoka au amebeba ndoo. Baada ya hapo ndipo unavisha nguo. Somo la nne ni maneno. Yanawekwa ndani ya kiputo chenye mkia unaoelekea mdomoni kwa anayesema. Anayeanza kusema mweke kushoto, maana tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Na maneno yawe machache. Kama picha imeshasema, nyamaza.

Vifaa visiwatishe. Tulisawazisha mchanga nje tukachora kwa kidole, ukikosea unafuta kwa kiganja. Daftari lililokwisha lina nafasi pembeni. Mkaa upo.

Somo la tano ni kukuza. Katuni inachukua kitu kimoja cha mtu na kukifanya kikubwa kupita kiasi ili atambulike haraka. Hapa ndipo tulipoteleza.

Kijana wetu wa miaka kumi na moja alimchora babu mmoja wa mstari wetu wa nyumba. Mzee huyo anatembelea mkongojo, mguu wake uliumia wakati wa kukimbia vita. Kijana akaufanya mkongojo mrefu kama ngazi, na babu ananing'inia juu yake kama nguo kwenye kamba. Kwa kweli kilikuwa kimechorwa vizuri. Akakibandika karibu na bomba la maji. Watu wakacheka na ndoo zao mkononi, na sisi wenyewe, tusifiche, tulicheka. Tulijivunia mkono wa mtoto.

Babu alipita pale akaona. Hakusema neno. Ila jioni hakuja kwetu kusikiliza redio kama kawaida yake. Kesho yake hakuja. Siku ya tatu kiti chake kilikaa wazi, hakuna mtoto aliyekikalia.

Usiku ule tuliwakalisha watoto. Sisi watu wa Maziwa Makuu hatuna ruhusa ya kusema mchoro ni mchoro tu. Kule Rwanda kulikuwa na gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990, na pamoja na maandishi yake ya chuki lilichapisha katuni za kuwadhalilisha Watutsi. Mwaka 1994 yakaja mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mhariri wake. Kijana akauliza, "Kwani na mimi nimefanya hivyo?" Tukamjibu hapana, mwanetu. Lakini mtu akishazoea kuchekwa kwa jambo asilolichagua, wanaomcheka nao huzoea kumwona si mtu kamili.

Tukamweleza pia kuhusu Gado, mchoraji aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, ambaye katuni zake zilijulikana sana kupitia magazeti ya Kenya. Yeye amewakuza pua na matumbo marais na mawaziri, watu wenye nguvu kumzidi. Hiyo ndiyo kazi ya kukuza. Mwenye mkongojo ana nguvu gani juu yetu?

Asubuhi tulikwenda wote. "Shikamoo babu." "Marahaba." Kijana akaomba msamaha huku anaangalia chini. Babu akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mguu huu ndio ulionifikisha hapa. Wewe umeona fimbo tu." Hatukuwa na la kujibu.

Baadaye akavuta masikio yake kwa mikono miwili. "Ukitaka kitu kikubwa, chora haya. Haya nimezaliwa nayo. Marehemu mke wangu aliyacheka miaka thelathini, na mimi nilicheka naye." Kumbe kweli, masikio ya babu ni makubwa! Kwa miaka yote hatukuwahi kuyaona, macho yetu yalikuwa kwenye mguu.

Kijana akachora pale pale. Babu amekaa kwenye kiti chetu, masikio kama sinia mbili, na redio inamwambia kwenye kiputo, "Babu, punguza kusikiliza, betri zinaisha!" Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Jioni alikuja kukaa mahali pake.

Sasa kwetu kuna utaratibu. Anayetaka kumchora mtu anajichora yeye kwanza, na kasoro zake zote. Baba amechorwa anavyokoroma, turubai linapeperuka. Na mchoro wa mtu haubandikwi popote kabla mwenyewe hajauona.

Wazazi, jaribuni jioni moja. Duara, mistari miwili, nyusi. Ila watoto wakianza kumcheka mtu, waulizeni kwanza kama yeye mwenyewe atacheka.

Ni sisi, wa nyumba ya karibu na bomba.