Mwacha Asili na Mnyang'anywa Asili

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hawakunena lolote kuhusu yule ambaye asili yake ilipakiwa jahazini bila kuandikwa popote.

Kijana mmoja wa Masalani, mji ulio ukingoni mwa Mto Tana, aliigundua kasoro hiyo akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Tangu utotoni alizoea kuitwa sokoni "jareer", neno la Kisomali liashirialo nywele ngumu na, kwa ndani, uzao wa watumwa. Nyanya yake alilikimbia bonde la Mto Juba baada ya vita vya Somalia kupamba moto mwaka 1991, akapitia kambi za Dadaab kabla ya kutulia Masalani. Kijana alitaka karatasi. Aliamini kuwa karatasi moja yenye jina la mhenga wake ingewafunga vinywa wote waliomtweza.

Alikuwa amesoma jinsi Wamarekani wanavyofunua orodha za abiria wa Ellis Island, mlango wa New York uliopokea watu zaidi ya milioni 12 kati ya 1892 na 1954, wakakuta jina, umri na kazi ya babu yao. Uingereza nayo imehifadhi huko Kew orodha za walioingia kwa meli tangu 1878 hadi 1960. Kijana alitafuta usiku kucha. Hakupata kitu, wala asingeweza kupata. Orodha ya abiria huandikiwa mtu aliyekata tikiti. Wazigula walioikimbia njaa ya miaka ya 1830, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, hawakukata tikiti. Masimulizi yao husema kwamba walipandishwa majahazi kwa ahadi ya chakula na kazi, wakateremshwa pwani ya Banadiri, wakauzwa. Baadaye wengi walitoroka na kujenga vijiji katika misitu ya Gosha, kando ya Juba. Hata manowari ya Kiingereza HMS London, iliyotia nanga Unguja mwaka 1874 ili kuyasaka majahazi ya watumwa, ilichelewa kwa miongo kadhaa.

Likizo ilipowadia, alirejea nyumbani na kumweleza nyanya yake kwamba majina yao hayakuonekana. Kikongwe hakujibu. Alimnyoshea kikombe akaomba "mazi". Majirani siku zote walidhani kuwa hicho ni Kipokomo cha ng'ambo ya mto. Lakini kijana alikuwa ametoka katika darasa la isimu linganishi, akachukua kalamu. Maji, mazi. Jina, zina. Jino, zino. Penye j ya Kiswahili, kinywa cha kikongwe kilitia z, kama wanenavyo Wazigula wa Handeni hadi leo.

"Nyanya, maneno haya ulifunzwa na nani?"

"Na mama, mjukuu wangu. Naye alifunzwa na mamaye."

Akaanza kuwataja, mama kwa mama, naye kijana akiandika. Jina la tano lilikuwa la msichana aliyepandishwa jahazini.

Mwaka 2002 maelfu ya jamaa zao walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma, tayari kwa safari ya Marekani. Wengine walikwenda Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya mababu zao. Waliopanda ndege waliandikwa mmoja mmoja. Hata hivyo, wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, wakaandikiwa 1 Januari. Wajukuu wao watakuwa na orodha, tena yenye mihuri, na ndani yake umati wa watu waliozaliwa siku moja.

Orodha ya Masalani haina muhuri. Iko katika daftari la mazoezi ya isimu, na bado wapo sokoni wamwitao kijana "jareer". Yeye huwajibu kwa kuwatajia mama watano. Wengine hucheka, mzee mmoja aliwahi kunyamaza, kisha akamwomba ayarudie polepole.

Ama kwa hakika, mwanafunzi wa lugha anayekwenda likizo na kalamu ana kazi nyumbani kwao. Wakongwe wenye majina hayo wanazidi kupungua, na asili iliyonyang'anywa haijawa asili iliyoachwa maadamu yupo wa kuiuliza.